Kiu ya Chumba cha Pasi

Muuguzi alitoka saa nne usiku, akapita mbele yetu bila kutuangalia. Nikasimama. Dada yangu akanivuta nguo.

"Kaa chini. Ukisimama kila mlango unapolia, hutafika asubuhi."

"Hajatuangalia."

"Ana kazi zake. Kaa."

Nikakaa. Lilikuwa benchi la mbao kwenye ukumbi mrefu wa hospitali, na nyuma ya pazia la kijani mwishoni mwa ukumbi alikuwa amelazwa binti yangu. Jioni ile alianguka kazini, kati ya meza ya pasi na toroli la mashuka. Wenzake walidhani anafanya mzaha, maana kwa mizaha hajambo, mpaka walipoona miguu inavyokakamaa. Walimbeba hadi uani kwenye mabeseni, na mimi ndiye niliyempokea, mikono yangu bado ina povu. Njiani kuja hospitali alitoa mkojo kidogo sana, mweusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Tangu nilipoiona ile rangi, makalio yangu hayakutaka benchi.

Muuguzi alirudi na karatasi.

"Nani mama yake?"

"Mimi."

"Ana miaka mingapi?"

"Ishirini na mmoja."

"Ana mimba?"

"Hana," nikajibu, kisha nikaogopa kwa jinsi nilivyojibu haraka. "Sidhani."

"Kazi yake?"

"Anapiga pasi. Sote tuko kwenye dobi moja. Mimi nafua, huyu mama yake mkubwa yuko naye chumba cha pasi."

"Akiwa kazini anakunywa maji kiasi gani?"

Hapo dada yangu akajinyoosha mgongo, akajibu kabla yangu. "Huyu? Hanywi. Siku za mwanzo alisumbua, lakini sasa ameshaiva. Nimemfundisha mwenyewe."

Alisema hivyo kama mzazi anayetaja mtoto wake aliyeshika namba moja darasani. Kalamu ya muuguzi ikabaki hewani.

"Hanywi kabisa?"

"Kikombe cha chai alfajiri, na jioni akifika nyumbani. Kazini mtu anajikaza kisabuni."

"Anajikaza kwa nini, mama?"

Dada akanigeukia, macho yakiniomba nimsaidie, kama mtu aliyeulizwa kwa nini binadamu huvaa viatu. Mimi nikaangalia sakafu. Nilikuwa najua jibu, na sehemu ya jibu hilo ilikuwa yangu.

Dada yangu amenizidi miaka tisa. Mama yetu alipofariki, yeye ndiye aliyeacha shule ili mimi niende, na nilipoishia darasa la sita hakunisema hata neno moja, alinishika mkono akanipeleka kwenye dobi alikokuwa akifanya kazi. Hapo palikuwa bado na pasi za mkaa. Alikuwa anaisogeza pasi karibu na shavu, haigusi, na kwa joto lile tu anajua kama inafaa hariri au inafaa turubai. Shuka la kitanda kikubwa analikunja peke yake, pembe mbili mkononi na moja kidevuni, na mkunjo unatoka umenyooka utadhani umekatwa kwa wembe. Katika miaka ishirini na minne hajaunguza nguo ya mtu. Watu wa dobi wamesahau jina lake, wanamwita Nyoosha. Wateja wa mahoteli wakileta malalamiko, msimamizi huuliza kwanza: "Hii imepitia kwa Nyoosha?" Ikiwa imepitia kwake, mteja ndiye mwongo.

Chumba chenyewe ni hiki. Wanawake kumi na wawili, meza sita, bati juu bila dari, dirisha moja lililozibwa kwa nailoni, na mlango wa chuma. Nyuma ya ukuta inapita barabara ya vumbi jekundu, na malori ya mchanga hayapumziki. Mlango huo una komeo, na komeo liko nje. Hufunguliwa asubuhi watu wakiingia, mchana mashuka yakitoka, na jioni. Anayelishika ni msimamizi peke yake, ndiyo maana kisirisiri tunamwita Bwana Komeo. Mtu aliye ndani akibanwa na haja, anagonga. Anagonga na kungoja. Bwana Komeo anakuja taratibu, na kabla hajafungua anauliza kwa sauti ya kusikika mpaka getini: "Nani tena huyo?" Uani kuna madereva, kuna wabeba mizigo, kuna wateja. Mwanamke anatoka pale kichwa chini, anavuka uani kote huku kila mtu anajua anakwenda kufanya nini. Akiwa kwenye siku zake ndiyo balaa zaidi.

Basi dada yangu akatafuta dawa. Dawa yake ikawa kiu. Asiyekunywa hagongi. Aliwafundisha wasichana mmoja mmoja: usinywe kitu baada ya alfajiri, weka kipande cha tangawizi chini ya ulimi, funga kitambaa chenye unyevunyevu shingoni, usiongee ovyo maana maneno hukausha mate. Yeye mwenyewe, tangu komeo lilipowekwa, hakugonga hata siku moja. Wasichana walikuwa wakisema, "Nyoosha hana kibofu, ana tangi." Naye alikuwa akicheka, na alilipenda neno hilo, niliona.

Sasa niseme langu. Miaka saba nyuma mlango ule ulikuwa wazi kutwa. Upepo uliingia, na vumbi liliingia pamoja nao. Mashuka yaliyokwisha kunyooshwa yalirudi kwetu sisi wa mabeseni yakiwa na madoa mekundu, tukafua upya, tukasuuza upya, mpaka ngozi ya vidole ikawa inachunika kama ya viazi vya kuchemsha. Tulikwenda kwa msimamizi sisi wafuaji watano. Msemaji nilikuwa mimi. Nilimwambia, "Bwana, ule mlango ufungwe, la sivyo tutafua shuka moja mpaka siku ya kiyama." Akacheka sana. Jioni ileile akaja fundi wa kuchomelea na komeo lake. Liliwekwa nje kwa sababu lingewekwa ndani, wanawake wangelifungua kutafuta hewa. Tulipiga makofi.

Mimi ni mtu wa kuangalia. Nikilala, nasikia nani kaamka. Niliona midomo ya binti yangu ikipasuka, nikanunua mafuta ya kupaka. Niliona anavyorudi nyumbani na kujitupa kitandani bila kusema na mtu, nikasema ni mambo ya mvulana. Niliona anakasirika kwa kitu kidogo, kichwa kinamgonga kila siku, nikamwambia apunguze simu. Niliyaona yote, kila moja nikalipa jina, na hakuna hata jina moja lililokuwa la kweli.

Daktari alikuja kulipopambazuka. Mwanamke kijana, macho mekundu kwa kukesha.

"Figo zake ziligoma," alisema. "Joto na kiu, siku baada ya siku. Tumezichokoza kwa dripu, zimeanza kuitika. Atapona. Lakini sikilizeni: akirudia, sina hakika kama zitaitika tena."

Dada akasema, "Tumshukuru Mungu."

Daktari alikuwa anamtazama yeye. "Na wewe mama, hebu nipe mkono." Akaifinya ngozi ya mgongo wa kiganja, akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama juu, kama kihema. "Mgongo unakuuma? Hapa chini ya mbavu?"

"Mgongo ni wa uzee."

"Tupime basi huo uzee."

Alipimwa damu na mkojo asubuhi hiyo. Majibu yalipotoka, daktari alimwita ndani, nami nikaingia nyuma yake bila kuitwa. Figo za binti zilichoka, za kwake zilikuwa zimeshaanza kusinyaa. Bado zinafanya kazi. Zinaweza kumfikisha mbali, akinywa maji kutwa nzima, kidogo kidogo, na akipata hewa. Akiendelea na desturi yake, miaka miwili, pengine pungufu.

Nje, dada akavaa kandambili zake vizuri, akasema, "Daktari mwenyewe bado ananuka maziwa."

"Dada!"

"Nimesema kitu gani kibaya? Twende tukamwone mtoto."

Binti yangu alikuwa macho. Usoni alikuwa kimbaumbau zaidi ya kawaida yake, pua tu na macho. Muuguzi alimwachia kikombe cha maji kwenye kijimeza, kimejaa pomoni. Nilimnyanyua kichwa nikamwekea mdomoni. Akageuza uso, nikakirudisha kijimezani.

"Sitaki, mama. Choo kiko mbali."

"Uko hospitali, mwanangu. Wamekuwekea chombo hapa chini ya kitanda."

"Nitasahau kujizuia. Jumatatu nikirudi nitaanza upya kama mgeni, watanicheka."

"Nani kakwambia utarudi?"

"Sasa nitakwenda wapi? Kazi nimeshaijua." Akamtazama mama yake mkubwa. "Yeye mbona hanywi? Ana miaka yote ile na bado amesimama. Akinywa yeye, na mimi nitakunywa."

Dada alikuwa amesimama upande wa miguu, anayanyoosha mashuka ya hospitali kwa kiganja, hata pale mikono yake haikutulia. Mkono ukasita. Kikombe kilikuwa karibu naye kuliko nami, na hakukigusa.

Jumamosi mchana tulirudi nyumbani mimi na dada, binti akabaki hospitali. Tunapanga vyumba viwili vinavyotazamana, ua mmoja, kwa hiyo ugomvi wetu haufichiki. Nilimfuata mpaka kwake nikafunga mlango.

"Dada, mtoto amesema nini?"

"Nimesikia."

"Anakutazama wewe. Ukijikaza, atajikaza. Utamzika."

"Usinitolee maneno ya msiba mchana kweupe."

"Jumatatu unywe maji. Ukibanwa, ugonge."

Akakaa kitandani, akaanza kukunja kanga ambayo ilikuwa imekunjwa tayari. "Nigonge. Mimi. Halafu yule bwana aulize nani tena huyo, na madereva wote wajue ni Nyoosha. Na wale wasichana je? Niliowakaripia mpaka wakalia, mbele yao nigonge?"

"Watakuona ni mtu."

"Mdogo wangu, wengine wana nyumba zao. Wengine wana waume, wana watoto. Mimi nina hilo. Kwamba sijawahi kuunguza na sijawahi kugonga. Ukiniondolea, nibaki na nini?"

Ndipo likanitoka lile ambalo sikuwahi kulisema. "Mlango niliufungisha mimi. Siku ile kwa msimamizi, mimi ndiye niliyesema ufungwe."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa dirishani, kabla hawajaziba nailoni. Nilikusikia na utani wako wa kiyama."

"Miaka saba! Mbona hukunisema?"

"Ungelia. Na wewe ukianza kulia mtu anahitaji likizo." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Na mikono yako ilikuwa inatoka damu. Niliiona kila jioni. Nikasema sawa, wao wapone mikono, sisi tutajipanga."

Siku ya pili, Jumapili, nilimwendea msimamizi pale kwenye ofisi yake ndogo. Sikumbembeleza. Nilimwambia mlango uachwe wazi, au komeo liondolewe liwekwe ndani. Alinisikiliza mpaka mwisho, si mtu mbaya, ni mtu mvivu wa kufikiri.

"Mama, hili shauri mlileta wenyewe. Mashuka ya hoteli yakiingia vumbi nitarudishiwa yote. Nenda kaongee na wenzako wa mabeseni. Wakikubali kufua mara mbili, mimi sina neno."

Nikawazungukia nyumbani kwao. Wawili waliniambia wataangalia. Mmoja alisema pole kwa mgonjwa, akabadilisha maneno. Mwenzangu wa beseni la karibu, tuliyefua naye miaka kumi na moja, alininyooshea mikono yake miwili, viganja juu. Mipasuko ya zamani ilikuwa imeziba, yamebaki makovu. "Niambie wewe," alisema, "hii niirudishe ilikotoka?" Nikashika njia ya kurudi nyumbani, roho juu.

Jumatatu alfajiri nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu gizani nikitazama chumba cha dada. Alitoka amevaa nguo za kazi, akaenda kwenye mtungi wa uani, akachota kikombe, akanywa. Akachota cha pili. Akanywa akiwa ameufinya uso kama anakunywa dawa ya minyoo. Cha tatu alikimaliza nusu, akapumzika, akakimaliza. Hakujua kama namwona, au alijua.

Saa moja Bwana Komeo aliwafungia ndani. Nikasikia chuma kikiingia mahali pake.

Siku ile sikufua, nilikuwa natia mikono majini tu. Saa mbili, kimya. Saa tatu, malori matatu yalipita, vumbi likapanda ukutani, jua likakolea juu ya lile bati. Nilikuwa nafahamu hesabu ya vikombe vitatu. Nilijua yuko meza ya kwanza karibu na mlango, nilijua jinsi anavyobana magoti akisimama, na nilijua anao uwezo wa kusimama vile mpaka jioni, mpaka aanguke, ilimradi asigonge. Mwenzangu akaniambia, "Unakamua hewa." Kweli, shuka lilikuwa limeshanitoka mkononi.

Saa nne na nusu mlango uligongwa.

Aliyegonga hakuwa na haraka. Mara mbili, polepole, kwa vifundo vya vidole. Wafuaji wote tukanyanyua vichwa. Bwana Komeo alikuwa getini na mteja, wanabishana juu ya mapazia, hakusikia. Hakuna aliyeinuka. Lile komeo hatukuwahi kuligusa, sisi wala mtu mwingine, tangu siku tuliyolipigia makofi.

Ukagongwa tena. Madereva waliokuwa kivulini wakaanza kugeuka.

"Mdogo wangu."

Sauti ilipita kwenye ufa wa mlango, ndogo. Kazini hajawahi kuniita hivyo. Kazini ananiita mama wa mabeseni, kama wanavyoniita wote, hataki watu waseme anapendelea ndugu.

"Mdogo wangu, upo hapo?"

Nikatoa mikono majini. Mwenzangu akanishika sketi. "Lori linakuja. Ukifungua sasa hivi, mashuka ya mlangoni yote yanarudi kufuliwa."

"Nitayafua mimi."

"Na mikono yako?"

"Nimesema nitayafua."

"We mama!" Bwana Komeo alikuwa ameniona. "We mama, ngoja nije! Nani tena huyo?"

"Ni dada yangu!" nilijibu, kwa sauti ya kusikika mpaka getini, na barabarani, na popote. "Ni dada yangu, anataka kwenda chooni!"

Komeo lilikuwa la moto kwa jua na zito kuliko nilivyodhani. Lilikwama nusu. Nililipiga kwa kisigino cha kiganja, mara moja, mara mbili, nikasikia lori likikata kona, nikalipiga mara ya tatu likatoka. Nikauvuta mlango.

Joto lilinipiga usoni kama pumzi ya tanuri. Dada alikuwa amesimama kizingitini, jasho likimtiririka hadi kidevuni, na nyuma yake wasichana wote kumi wamesimama na pasi zao juu, hakuna aliyekuwa ananyoosha. Walikuwa wanamtazama yeye. Alitazama uani, kulia, kushoto, akageuka kwangu akanong'ona:

"Choo kiko wapi siku hizi?"

Cha zamani kilibomoka miaka mitano iliyopita, wakajenga kingine upande wa boila. Hakuwahi kukiona. Nikamwonyesha kwa kidole kinachodondosha povu. Akakitengeneza kitambaa cha kichwa, akavuka uani mbele ya madereva, kichwa juu, hatua moja baada ya nyingine. Nyuma yangu nikasikia pasi ikiwekwa chini, kisha nyingine, na msichana wa meza ya pili akapita pembeni yangu akitoka.

Vumbi la lori lilikuwa linaingia. Bwana Komeo alikuwa anakuja, anakimbia sasa. Nikauegemea mlango kwa mgongo, miguu nimeikita chini, ubaki wazi.